Kabla ya kuchagua SUV kubwa au ndogo, kaa kwanza kwenye kiti kibaya

Kampuni nyingi za magari siku hizi zinauza gari lile lile kwa ukubwa wa aina mbili. Volkswagen walikuwa na Tiguan, wakaongeza Tiguan Allspace iliyorefushwa kwa takriban sentimita 21. Peugeot wana 3008 na ndugu yake 5008 yenye safu tatu za viti. Nissan walikwishafanya hivyo mwaka 2008 kwa Qashqai+2. Kwingine majina ni tofauti kabisa, lakini mazungumzo ya yadi ni yale yale: RAV4 au Highlander, Tucson au Santa Fe, CX-5 ya mita 4.55 au CX-9 inayopita mita 5. Muuzaji anasimama katikati ya magari mawili na kuuliza, "Familia ina watu wangapi?"

Sisi tuko watano. Mume wangu, mimi, watoto wawili ambao wote bado wanakalia viti vya watoto, na mama mkwe ambaye magoti yake hayataki tena kupanda kitu kirefu. Kwa jibu hilo muuzaji alitupeleka moja kwa moja kwenye gari dogo la viti vitano. Kisha alipoona uso wa mume wangu akatupeleka kwenye lile la viti saba. Mara zote mbili alikuwa anahesabu mikanda, na mikanda haina mabega wala nyonga.

Nilichojifunza katika kutafuta gari hili ni kwamba gari la familia hupimwa kwa kiti chake kibaya kuliko vyote. Kiti cha dereva ni kizuri karibu kila mahali, maana ndicho anachokalia mnunuzi anapojaribu gari. Kiti kibaya hukaliwa na mtu asiyepewa nafasi ya kusema, au asiyependa kulalamika. Nyumbani kwetu mtu huyo ni mimi, kwa sababu mtoto mdogo akilia njiani ni lazima awepo mtu karibu naye. Kwa hiyo nilikuwa na sababu nzuri ya kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Nianze na gari kubwa, kwa kuwa ndilo lililokuwa likitamaniwa.

Safu ya tatu katika SUV nyingi za mwili mmoja, zile zisizojengwa juu ya chasisi iliyotengana na mwili, imewekwa juu ya ekseli ya nyuma. Sakafu pale iko juu, kiti kiko chini, na matokeo yake magoti yanapanda hadi karibu na kifua. Mtoto wa miaka tisa atakaa vizuri. Mtu mzima atakaa kwa safari fupi, na akishuka utaona anavyojinyoosha mgongo. Nilikaa pale nikafunga mlango wa nyuma, kisha nikanyoosha mkono nyuma ya kichwa changu kugusa kioo. Kilikuwa karibu mno. Gari likigongwa kwa nyuma, sehemu inayotakiwa kubonyea ili kumeza kishindo ni hiyo hiyo nafasi iliyo kati ya kichwa cha abiria na bampa. Kwa hiyo ukiwa na nia ya kuweka watu pale kila siku, uliza mambo mawili: je, mfuko wa hewa wa pembeni, ule unaoshuka kama pazia, unafika hadi safu ya tatu? Na je, egemeo la kichwa linapanda juu vya kutosha kwa mtu mzima? Usikubali jibu la mdomo tu. Fungua kitabu cha gari.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni njia ya kufika huko. Ili kuingia safu ya tatu, kiti cha safu ya pili hulala na kusogea mbele. Kikiwa na kiti cha mtoto kilichofungwa kwa Isofix, yaani nanga za chuma zilizomo ndani ya kiti cha gari, katika magari mengi hakisogei tena. Baadhi ya watengenezaji wamebuni kiti kinachoinama kizima pamoja na kiti cha mtoto, ila utaratibu huo hufanya kazi zaidi pale mtoto anapotazama mbele na hayupo ndani wakati huo. Ukiwa na watoto wadogo wawili kwenye madirisha mawili ya safu ya pili, safu ya tatu imefungwa. Viti viwili umevilipia, na njia pekee ya kuvifikia ni kupitia mlango wa mizigo. Mama mkwe alitazama pengo lile, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi hapo sifiki." Hilo peke yake lilitosha kunifanya nianze upya.

Halafu kuna buti. Safu ya tatu ikisimamishwa, buti la gari kubwa hubaki dogo kuliko la gari dogo lenye viti vitano. Tiguan Allspace ya safu tatu hubakiwa na lita 230, nafasi ya mabegi machache ya mkononi. Maana yake ni kwamba siku ile mnayosafiri saba ndiyo siku ambayo mizigo haina pa kukaa. Lita zenyewe nazo zinahitaji tahadhari. Njia ya VDA, chama cha watengenezaji magari wa Ujerumani, inayotumiwa sana Ulaya hujaza buti kwa vipande vya milimita 200 kwa 100 kwa 50, kila kimoja sawa na lita moja, hadi kwenye kona za ajabu nyuma ya matairi. Kigari cha kusukumia mtoto hakikunjiki kikawa matofali. Tulikwenda na chetu yadi tukakiingiza. Katika gari moja lenye lita nyingi kwenye karatasi kilikataa, kwa sababu mdomo wa buti ulikuwa mwembamba na kizingiti chake kirefu. Katika lingine lenye lita chache kiliingia kwa mara ya kwanza.

Jambo linalosahaulika kabisa ni uzito. Watu saba wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 525, kabla hata ya begi moja. Kwenye nguzo ya mlango wa mbele, au karibu na hapo, huwa kuna bamba au stika yenye uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari likiwa na kila kitu, na kwa kila ekseli. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Fanya hesabu hiyo kwa gari lolote la viti saba kabla ya kulisifu. Unaweza kukuta viti saba vimewekwa juu ya springi na matairi ambayo, watu wazima saba wakiingia, hayana nafasi tena ya mizigo yao.

Sasa gari dogo, ambalo nalo halina haki ya kujivuna.

Kiti kibaya katika gari dogo ni cha katikati, safu ya pili. Nilikaa pale kati ya viti viwili vya watoto vilivyofungwa madirishani. Nilichoachiwa ni upana wa mkono tangu kiwiko hadi vidole, na nikakalia mahali pa kuchomekea mkanda. Mkanda wenyewe nisingeweza kuufunga bila kumwomba mtu. Hii ndiyo sababu ya mume wangu kulitaka gari kubwa, na alikuwa na haki. "Wewe ndiye utakayeteseka hapo," alisema, "na mimi sitaki kuendesha nikijua hivyo."

Tulibaki kwenye hoja hiyo kwa muda mrefu, hadi tulipoacha kupima gari na kuanza kupima viti vya watoto. Kanuni ya Umoja wa Mataifa R129 ya viti vya watoto, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inaweka kikomo cha sentimita 44 kwa upana wa viti vya daraja la i-Size. Viti vitatu vya upana huo ni sentimita 132. Vipo vyembamba zaidi vya hapo, na vipo vya zamani vipana mno, na watu wengi hawajui walichonacho kipo upande gani. Chetu cha mkubwa kilikuwa kipana, chenye mabawa na vishikio vya vikombe pembeni. Vishikio vya vikombe ndivyo vilivyokuwa vinatusukuma tununue gari refu kwa nusu mita!

Wenye watoto wadogo wanaokaribia kutumia pesa nyingi kwa ajili ya sentimita chache nawaomba waanze hapo. Badilisheni kiti cha mtoto kwanza. Hakuna sehemu ya gari iliyo rahisi kubadilisha kama hiyo.

Kitu cha pili tulichobadilisha ni mpangilio. Isofix, kiwango cha kimataifa cha mwaka 1999, kwa kawaida ina nanga zake kwenye viti viwili vya madirishani tu. Kwa hiyo watu huweka watoto madirishani na mtu mzima katikati, kana kwamba ni sheria. Si sheria. Mtoto mkubwa aliyefikia kiti cha kuinua chenye mgongo hufungwa kwa mkanda wa gari wenyewe, na magari ya siku hizi mengi yana mkanda wa pointi tatu katikati pia. Soma kwanza kitabu cha kiti na cha gari kuona kama nafasi ya katikati inaruhusiwa. Tulimweka mdogo dirishani kwa Isofix, mkubwa katikati kwenye kiti chembamba, na mimi nikapata dirisha langu. Bado ni nafasi ndogo. Lakini nakaa kwa makalio yangu mawili, nafunga mkanda wangu mwenyewe, na mkono wangu unawafikia wote.

Mume wangu alileta hoja ya mwisho, ambayo nimeisikia kwa kila mtu: watoto wanakua, gari dogo litawabana. Nimeifikiria sana hoja hii na naiona ina ukweli nusu. Kipindi ambacho mtoto anakula nafasi kubwa kabisa ndani ya gari ni anapokuwa mchanga. Kiti kinachotazama nyuma, ambacho R129 inakitaka hadi mtoto apite miezi 15 na wataalamu wengi hushauri kiendelee kwa muda mrefu zaidi, ni kirefu, kinalala, na kinamsukuma abiria wa mbele kuelekea dashibodi. Ongeza kigari, ongeza mabegi ya nepi. Mtoto huyo akifika miaka mitano, kiti chake kimekuwa kifupi, kigari kimeondoka, na gari limepanuka bila kubadilishwa. Nafasi huanza kupungua tena anapokuwa kijana mwenye miguu mirefu, na kwa watoto wetu huko bado ni mbali. Kwa sasa, kama tulitosha mwaka mgumu zaidi, miaka inayofuata itakuwa nyepesi.

Kuna kiti kingine kibaya ambacho hakipo ndani ya gari. Ni mahali anaposimama mtoto mbele ya boneti.

Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya Insurance Institute for Highway Safety ilichapisha uchambuzi wa ajali karibu 18,000 za magari na watembea kwa miguu. Magari ambayo boneti yake imepanda zaidi ya inchi 40, yaani kama mita moja, yalikuwa na uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu uliozidi kwa takriban asilimia 45 ule wa magari yenye boneti ya inchi 30 au chini yake na pua iliyoteremka. Sababu yake haihitaji utaalamu. Boneti ya chini humpiga mtu mzima miguuni na kumlaza juu yake. Boneti ya juu iliyosimama wima humpiga kifuani au kichwani na kumsukuma chini. Mtoto hana hata miguu ya kutosha kupigwa kwanza. Na kabla ya kugongwa kuna kuonekana: nilimwomba mume wangu akae nyuma ya usukani, mwanetu mkubwa nikamshika mkono tukasimama mbele ya gari likiwa limezimwa, tukarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mume wangu aliposema anakiona kichwa cha mtoto. Fanyeni jaribio hilo kwa kila gari mnalolifikiria. Siyo magari yote makubwa yanayofeli, na yapo madogo yenye pua iliyonyanyuliwa kwa urembo tu. Kamera ya nyuma, ambayo Marekani imeilazimisha kwa magari mapya tangu Mei 2018, haikusaidii mbele.

Naliweka jambo hili juu ya lita na nguvu ya injini, na sioni aibu. Watoto wanaocheza karibu na gari letu ni wetu na wa majirani.

Kuhusu mafuta nitasema kwa kifupi. Mjini unalipia uzito, kwa kuwa kila ukisimama na kuondoka injini inausukuma upya mzigo mzima. Barabara kuu unalipia uso wa gari dhidi ya upepo, na nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, inakaribia mara mbili. Gari kubwa linapoteza pande zote mbili. Linapoteza pia kwenye matairi, kwa kuwa toleo kubwa mara nyingi huja na rimu kubwa, na tairi la inchi 19 lenye ubavu mwembamba ni ghali na huumia haraka kwenye shimo kuliko la kawaida la rimu ya inchi 16 lenye ubavu mnene. Kama gari unalolipenda linauzwa kwa rimu ndogo pia, chukua rimu ndogo.

Sitaki mtu asome haya akadhani gari dogo halina gharama yake. Lina moja nzito: paa. Buti likijaa, macho hupanda juu kwenye keria. Kikomo cha paa katika magari mengi ya ukubwa huu ni kati ya kilo 75 na 100, na keria lenyewe linahesabiwa humo. Zaidi ya hapo, uthabiti wa gari dhidi ya kupinduka hupimwa kwa nusu ya upana kati ya matairi, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kila kilo unayoweka juu inainua kitovu hicho. Mfumo wa kielektroniki wa kulituliza gari, ESC, umepunguza sana ajali za kupinduka, lakini haujui umepakia magodoro juu. Sisi tumekubaliana kwamba juu vitapanda vitu vyepesi tu, na vizito vitakaa sakafuni nyuma ya mgongo wa kiti.

Na hilo tunaloliita dogo si dogo tena. RAV4 ya kwanza, mwaka 1994, katika toleo la milango mitatu haikufika mita 3.7. Ile iliyozinduliwa mwaka 2018 ina mita 4.6. Ndiyo maana nawasihi watu wasilinganishe na gari walilokulia. Walio na kumbukumbu ya kubanwa kwenye SUV ndogo ya wazazi wao wanakumbuka gari ambalo leo lingekuwa chini ya daraja hili.

Nani basi achukue kubwa? Familia ya watu sita au zaidi wanaosafiri pamoja kila wiki, tena watoto wao wakiwa wameshavuka viti vya Isofix ili safu ya tatu ifunguke. Anayevuta tela mara kwa mara, kwa sababu uzito na umbali mrefu kati ya ekseli humsaidia kulidhibiti. Anayebeba kiti cha magurudumu kisichokunjika. Anayepita njia mbovu kweli kweli, na huyo atazame magari yenye chasisi ya ngazi, ile iliyotengana na mwili, na gia ya chini ya nguvu, siyo tu toleo refu la gari la lami. Urefu wa ziada kati ya ekseli hufanya tumbo la gari kukwama upesi zaidi kwenye tuta. Kwa hao, gari kubwa ni haki yao na wasisumbuliwe na mtu.

Wageni wa mara chache si sababu. Siku tukiwa saba tutakodi gari la siku hiyo, au tutakwenda kwa magari mawili.

Tulichukua dogo. Mama mkwe anakaa mbele, kwa kuwa kimo cha kiti kile kinalingana na nyonga zake: hapandi wala hazami, anageuka tu na miguu inaingia. Mtoto mchanga tumemweka nyuma ya dereva, ili kiti chake kinacholala kisimsogeze bibi kwenye dashibodi. Mume wangu amesogea mbele vidole viwili na anasema hajali. Mimi nipo nyuma ya bibi. Kabla ya kusaini tulifunga viti vyote, tukapanda wote watano, tukaomba tuendeshe mwendo mrefu wenye matuta na kona. Muuzaji alitushangaa kidogo, lakini alikubali. Mkikataliwa jambo hilo, nendeni yadi nyingine.

Kama atakuja mtoto wa tatu, hesabu itabadilika. Viti vitatu vyembamba vinaingia nyuma, tumeshapima, lakini mimi sitakuwa na pa kukaa. Hapo ndipo nitakapomwambia mume wangu tukalitazame lile refu.